Waya Kati ya Nyumba Mbili za Mpuguso

Vijana wangu wa karakana, mmeniomba niwaandikie jinsi kazi hii ilivyoanza, na kwa bahati mbaya yenu sasa nina muda. Tangu niwakabidhi funguo, asubuhi zangu zimekuwa ndefu mno. Nakaa barazani na kikombe cha chai ya tangawizi, ukungu unateremka kutoka mlimani, unaanza kumeza mnara wa msikiti, unafuata migomba ya jirani, mwisho unanimeza na mimi. Humo ndani ya weupe nasikia vitu vya zamani. Nasikia redio ikitafuta stesheni. Nasikia feni ndogo ya kompyuta ikikwaruza. Mke wangu ananiuliza, "Baba Asha, unaongea na nani?" Namwambia niko kazini.

Vyeo nitaviruka, maana cheo changu pekee kilikuwa kuitwa Fundi Saidi, na hicho hata muuza mkaa alinipa bure. Nitasema mikono yangu ilishika nini na nani aliifundisha.

Babu yangu alikuja Tukuyu kutoka Pwani na cherehani mgongoni, akashona makanzu na magauni ya kwaya bila ubaguzi. Mimi nilizaliwa hapa hapa. Ndani tulisema Kiswahili cha bibi, nje Kinyakyusa cha wenzangu, na baridi ya huku ilinikuza kama ilivyowakuza wote. Cherehani sikuipenda. Nilipenda redio. Basi baba akanishika mkono, akanipeleka kwa Fundi Ambwene, aliyekuwa na chumba cha mbao nyuma ya soko, akamwambia, "Huyu hapa, akikushinda nirudishie."

Ambwene alikuwa mwimbaji wa sauti ya tatu kanisani, mtu mrefu, mpole, mwenye macho ya kusinzia. Siku ya kwanza hakunipa kifaa chochote. Aliwasha redio mbovu, akaniambia, "Funga macho. Sikiliza. Kisha niambie kipi kimekufa." Nilifumba macho nikasikia kishindo cha mvua juu ya bati na mluzi mwembamba ndani ya redio, na nadhani nililala. Alinigusa bega. "Umesikia nini?" Nikasema mvua. "Vizuri," akasema, "hujadanganya. Kesho tena."

Hivyo ndivyo alivyofundisha. Mteja akija, Ambwene hakuanza na redio. Alianza na salamu ya kwao, ugonile, habari za migomba, habari za ng'ombe, habari za mama mkwe, hadi mwenyewe akajikuta anaeleza kwamba redio ilirushwa ukutani timu yake ilipofungwa. "Redio haifi yenyewe," aliniambia, "ina watu wake. Waulize watu kwanza." Kazi ya kufungua skrubu ilikuwa yangu. Ndani kulikuwa na mende wa kila umri, maana mende wa Tukuyu anajua wapi kuna joto.

Halafu ikaja ruksa ya kuingiza bidhaa za nje. Mliozaliwa juzi mnaona duka limejaa mnadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Sisi tuliona mipaka ikifunguka. Redio za plastiki zilipanda kutoka Tunduma kwa magunia, nyepesi, za rangi rangi, zikiharibika zinatupwa. Mabenchi yetu yakakauka. Ambwene alikaa kwenye stuli yake akiimba zaburi kwa sauti ya chini, na mimi nilifuta vumbi kwenye vifaa ambavyo havikuwa na vumbi. Niliogopa sana wakati ule. Nilikuwa na mke, na sikujua kufanya kitu kingine duniani.

Kilichotuokoa kilikuja kwenye pikapu, katikati ya magunia ya viazi. Ofisi moja huko Mbeya ilikuwa imebadilisha wenyewe katika mambo ya ubinafsishaji, na wenyewe wapya walitaka kompyuta mpya. Za zamani zikauzwa kama chuma chakavu. Zilikuwa visanduku vidogo, kila kimoja ukubwa wa Biblia ya mimbarani, na havikuwa na diski ndani. Viliumbwa kutegemea kompyuta kubwa ya makao makuu, na hiyo kubwa haikuwepo tena. Ambwene alikigeuza kimoja mikononi, akakipuliza, akasema, "Maskini. Hawa ni yatima." Akaviingiza ndani vyote.

Sikuwa na mwalimu wa kompyuta. Nilikuwa na kitabu kilichochanika jalada, na nilikuwa na vile visanduku. Nilitoa diski kwenye kompyuta iliyopasuka kioo, nikaibandika kwenye kisanduku kwa waya na kibati cha kopo la mafuta. Kilipowaka kwa mara ya kwanza, herufi za kijani zikatokea kwenye kioo cheusi, moja moja, polepole, na nje ukungu ulikuwa umesimama mlangoni kana kwamba nao umekuja kutazama. Nilikaa tu. Sijui nilikaa muda gani, ila chai yangu ilipoa.

Adui wetu alikuwa unyevu. Huku hata chumvi hulia kwenye kopo. Ukizima mashine jioni, asubuhi ndani yake kuna jasho, na baada ya miezi kadhaa kutu inakula miguu ya vifaa. Ambwene akasema mbona mahindi hayaozi? Tukapeleka mabodi, zile bao za ndani zenye vifaa, nyumbani kwake Suma, tukayapanga kichanjani juu ya moto wa jikoni, pamoja na kuni na mbegu. Yalikauka vizuri sana. Ila mashine hizo zilinuka moshi maisha yao yote, na mwalimu mmoja alirudisha ya kwake akilalamika kwamba kila akiiwasha wanawe wanaulizia nyama. Baadaye tulitengeneza kabati lenye balbu ndani. Nawaachia hilo kabati, msilitupe.

Tulivifanyia vile visanduku kila jambo. Kimoja kilikaa mlangoni mwa mtandao wetu, kikigawa laini moja ya simu kwa kompyuta tatu za dukani, na ukikigusa wakati mtu anasoma barua yake kutoka Dar, unatukanwa. Kimoja kilihifadhi nyimbo za kwaya. Kimoja nilikiunganisha na kipimajoto na taa ili kiangue mayai, kwa kujifurahisha tu, na kikaangua kweli. Wiki nzima vifaranga walitembea juu ya benchi. Ambwene alikuwa akiunga nyaya kwa risasi ya moto huku mmoja amelala kwenye mfuko wa shati lake.

Sasa niwapeleke kijijini Mpuguso.

Alikuja Gwamaka, dereva wa malori ya masafa, mtu anayeonekana nyumbani mara chache kama mwezi kwenye masika yetu. Aliketi kwenye benchi, akavua kofia. "Fundi Saidi," akasema, "nasikia unaweza kuunganisha kompyuta mbili zikaandikiana."

"Naweza."

"Nyumba mbili?"

"Hata mbili. Nani na nani?"

Akamtazama Ambwene, siyo mimi. "Baba na mke wangu."

Ambwene alitua chuma chake cha risasi. Nami nilielewa, kwa kuwa nimekulia huku. Kwa asiyejua, nieleze. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke wa mtoto na baba mkwe wake hawaonani. Mke akimwona mzee njiani anakata kona ndani ya migomba, anampa mgongo. Haingii nyumbani mwake. Hasemi naye. Jina lake halitaji. Siyo chuki, wala siyo dharau, ni heshima kubwa kuliko zote, na mwanamke aliyelelewa vizuri aliishika hivyo hadi mwisho. Wengi walikuwa wamekwishalegeza siku hizo. Mzee Anyosisye hakulegeza. Alikuwa mzee wa kanisa na mzee wa mila pia, na vyote viwili alivibeba wima.

Tatizo ni kwamba mzee alikuwa mjane, na ana presha. Nyumba yake ilikuwa upande mmoja wa migomba, ya Gwamaka upande wa pili. Mke wa Gwamaka, Subilaga, alimpikia miaka yote, na chakula na maneno vilibebwa na binti yao Lusajo. Sasa Lusajo alikuwa amekwenda shule ya bweni. Msichana wa kazi aliletwa, akakimbia, maana mzee ni mkali. Subilaga aliweka sahani kwenye kigoda mlangoni, akagonga kopo, akaondoka kabla mlango haujafunguka. Walijaribu vikaratasi chini ya sahani, vikarudi na mchuzi, na jibu la asubuhi lilipatikana jioni. Simu ya mkononi haikushika kule bondeni, na hata kama ingeshika, simu ina sauti, na sauti ilikuwa mwiko.

"Juzi baba alianguka," Gwamaka akasema. "Aliinuka mwenyewe. Mke wangu hakujua hadi sahani ilipokaa hadi jioni. Mimi nitakuwa Kongo. Siku baba akianguka asiinuke, Subilaga atasimama pale nje na sahani mpaka lini?"

Nilimtazama Ambwene, naye akasema neno ambalo nimelitumia maisha yangu yote: "Saidi, usivute waya kabla hujakaa na wenye nyumba."

Tukaenda tukakaa. Wazee wa ukoo walikuja na makoti yao, tukapewa maziwa ya mgando, mvua ikanyesha, ikaacha, ikarudi. Mmoja akauliza kama kuandikiana siyo sawa na kuonana. Mwingine akasema ni sawa kabisa, tena ni vibaya zaidi kwani hakuna shahidi. Mzee Anyosisye alisikiliza, mikono juu ya bakora, mtu mkubwa wa mwili, kichwa cheupe. Zamani alikuwa karani wa chama cha ushirika, mpaka chama kilipokufa na taipu yake ikaenda na mdai asiyejulikana. Mwishowe akasema, "Barua niliandika hata kwa watu wa Ulaya ambao sikuwaona. Hakuna aliyesema nimelala nyumbani kwao. Kioo hakina uso. Leteni hiyo mashine." Nadhani alikuwa ameimisi taipu.

Kazi yenyewe ilikuwa ya siku chache. Tulichimba mfereji katikati ya migomba, tukapitisha waya ndani ya mianzi iliyotobolewa vifundo, maana fuko wa Mpuguso anatafuna kila kinachofukiwa. Kisanduku kimoja kwa mzee, juu ya meza kando ya kitanda. Kimoja kwa Subilaga, sebuleni. Tuliacha mashine zote mbili ziwake mchana na usiku, zisipate jasho. Nilipokuwa kwa mzee, Subilaga hakukaribia. Nilipokuwa kwa Subilaga, nilimwona kwa mara ya kwanza, mwanamke mfupi, mchangamfu, mwenye mwanya, anayeuliza maswali mazuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Msinune, hamkuwepo.

Maneno ya kwanza yalitoka upande wa mzee, alikobaki Ambwene. Alipiga vibonye kwa vidole vyote kumi kwa nguvu ya taipu ya chuma, meza ikatikisika. CHAKULA KIMEFIKA. CHUMVI KIDOGO. AHSANTE. Yote kwa herufi kubwa, kwa mtindo wa simu ya maandishi ya posta. Subilaga alitazama kioo, akaziba mdomo kwa khanga. Akaandika kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi: shikamoo baba. nimesikia. Kisha akasimama, akatembea hadi dirishani, akarudi, akasoma tena jibu la mzee, neno moja tu, MARAHABA. Aliniambia, "Kaka, nimeolewa hapa tangu Lusajo hajazaliwa. Leo ndiyo ameitikia." Machozi yalikuwa yanamtoka na yeye anacheka.

Nilirudi Mpuguso mara nyingi baada ya hapo, kwani mzee alivunja kibodi kila baada ya muda mfupi. Nilimsihi aguse taratibu. "Herufi isiyopigwa haiingii," alinijibu, nami nikatoa kibodi nyingine kikapuni. Lakini kila nilipokwenda, nilikuta kitu kimeongezeka. Kwanza walikuwa wanaandikiana chakula na dawa. Halafu mvua. Halafu ndama mgonjwa. Halafu barua ya Lusajo kutoka shule, ambayo Subilaga aliinakili yote kwa kile kidole kimoja. Siku moja nilikuwa nimelala chini ya meza ya mzee natafuta nyaya, nikasikia kitanda kinatikisika. Mzee alikuwa anacheka peke yake, anajipangusa macho kwa shuka. "Saidi," akasema, "kumbe mkwe wangu ni mcheshi! Miaka yote hii nimeishi na mtu mcheshi, na hakuna aliyeniambia."

Siku hizo sasa zinanijia kama ndoto. Naona njia ya migomba inayovuja maji, nasikia tikitiki ya vibonye kutoka nyumba ya mzee, kisha kimya, kisha kicheko cha mwanamke kilichozibwa kwa khanga kutoka nyumba ya pili. Mpita njia asiyejua angesema wale ni wendawazimu wawili. Mimi nilisimama katikati na kikapu changu cha vifaa, na nilikuwa na furaha ambayo sikuweza kumweleza mtu.

Lakini ilikuja siku yenyewe.

Ilikuwa mchana, mvua nzito. Kulikuwa na msiba Suma, majirani wote wamekwenda, na kwa kuwa Mpuguso mtu haachi kwenda msibani, njia nzima ilikuwa tupu. Subilaga hakwenda kwa sababu ya mzee. Mimi nilikuja kwa sababu ya sisimizi, waliokuwa wamefanya kiota ndani ya kisanduku cha Subilaga. Niliwatoa kwa brashi ya rangi, nikafunga, nikawasha. Subilaga akaniandalia chai, akaketi kuandika: baba uji uko mlangoni utapoa.

Hakikuja kitu.

Akaandika tena. baba? Akangoja. Akageuka. "Fundi, umeunganisha sawasawa?"

"Nimeunganisha."

"Basi ni fuko amekula waya. Au umeme kwake umekatika."

Niliinama nyuma ya kisanduku. Pale waya unapoingia kuna kataa, taa ndogo kama punje, ninyi mnakajua. Waya ukikatika, kanazima. Mashine ya upande wa pili ikizima, kanazima. Kalikuwa kanawaka, kijani, kametulia.

"Mama Lusajo," nikasema, "waya ni mzima. Na mashine ya kule inawaka."

Alisimama, kikombe kikaanguka. Kama waya ni mzima na mashine ni nzima, basi asiyejibu ni mtu.

Nilikimbia kwenye matope, nikiteleza. Uji ulikuwa kwenye kigoda, umefanya ngozi juu. Nilisukuma mlango. Mzee alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na meza, upande wa kushoto umekufa, mdomo umevutwa, pumzi inakoroma. Jicho lilinitambua. Nikasema, "Shikamoo baba, ni mimi Saidi, tulia," nikaingiza mikono chini ya makwapa yake, nikavuta. Mungu wangu. Mnanijua umbo langu. Hakusogea hata kidogo. Kichwa chake kilikuwa kimeinamia kifuani, na kadiri alivyokaa vile, pumzi ilizidi kukoroma. Nilikiinua kichwa, nikakishikilia, na nilivyokishikilia sikuweza kufanya kingine.

Niliita kwa nguvu zote. Aliitika kutoka nyuma ya kona ya nyumba. "Yuko hai?"

"Yuko hai! Njoo unisaidie!"

Mvua tu. Nilimwona kupitia mlango, amesimama ametupa mgongo, khanga imemfunika hadi usoni, maji yanamtiririka.

"Siwezi kuingia," akasema. "Hajaniita."

Hapo nilikasirika kama sijawahi kukasirika. "Mama Lusajo! Mzee hana mdomo! Atakuitaje? Unataka afe ndiyo uje?"

"Usinipigie kelele, kaka!" Alikuwa analia. "Nikiingia bila neno lake, akapona, ataishi vipi? Atajua nimemshika kama gogo. Mila siyo yangu peke yangu, ni yake. Mpe aandike! Mpe kibodi!" Na akageuka akakimbia kurudi nyumbani kwake, kwenye kioo chake.

Nilibaki nimemshika mzee kichwa, natukana kwa Kiswahili na Kinyakyusa. Kisha nikafanya alivyosema, maana nisingeweza kufanya lingine. Niliegemeza kichwa chake kwenye goti langu, nikanyoosha mkono mezani, nikavuta kibodi ikashuka na waya wake, nikaiweka sakafuni chini ya mkono wake wa kulia. Kioo kilikuwa juu, yeye hakukiona. Nikamsogelea sikio. "Baba, Subilaga yuko kwenye mashine. Anangoja."

Jicho lake lilifumba. Nikadhani ameondoka. Halafu kidole kimoja kikatembea juu ya vibonye, kikihesabu kwa kugusa, kama mtu anayetafuta mlango kwenye giza la nyumba yake mwenyewe. Kikabonyeza. Taratibu, yeye aliyevunja kibodi zangu zote. Nilitazama juu. Herufi zilitokea moja moja, ndogo zote, hakuwa na mkono wa pili wa kuzikuza.

ingia mwanangu

Hakuandika mkwe. Niliyasoma maneno hayo na nikasikia, katikati ya mvua, miguu mitupu inakuja mbio kwenye matope.

Aliingia. Alisimama kizingitini muda wa pumzi moja, akavua khanga kichwani, akaifunga kiunoni, akaja akapiga magoti, akamtazama usoni mtu ambaye alikuwa amempikia miaka yote bila kumwona.

"Shikamoo, baba," akasema kwa sauti.

Mzee alitaka kujibu. Mdomo haukutii. Mkono wake ukaanza kupapasa sakafu ukitafuta vibonye. Subilaga akaushika kwa mikono yake miwili.

"Usiandike, baba," akasema. "Niko hapa."

Ana nguvu yule mwanamke. Tulimlaza mzee kwa ubavu, pumzi ikafunguka. Tulimbeba juu ya mlango tulioung'oa bawabani, yeye mbele, mimi nyuma, hadi barabarani, tukasimamisha gari la ndizi, na Subilaga akapanda nyuma kwenye mikungu, kichwa cha mzee mapajani mwake, khanga yake juu ya uso wake kumkinga na mvua. Hivyo ndivyo walivyoingia Tukuyu, mchana kweupe, mbele ya watu wote wanaowajua. Sikuwahi kuona kitu cha heshima kuliko kile.

Mzee alipona, siyo mwili wote. Mguu ulirudi kwa mkongojo. Sauti haikurudi. Wazee wa ukoo walikaa tena, makoti, maziwa ya mgando, na mmoja akaanza kuuliza maswali. Mzee Anyosisye alimwashiria Subilaga akae kwenye kiti kilicho karibu naye, mbele yao wote. Akakaa. Mkutano ukaishia hapo, tukala.

Nilikwenda Mpuguso baada ya wiki kadhaa nikiwa na bisibisi, nikidhani nitang'oa zile mashine, kwani sasa wanaonana, za nini tena? Jua lilikuwa limetoka, migomba inatoa mvuke. Nilikuta mzee mezani kwake, anapiga vibonye kwa mkono mmoja. Akaniashiria ningoje. Akamaliza neno, akageuza sikio lake dirishani, akatulia kwa namna ya mtu anayesubiri redio ishike stesheni.

Na kutoka ng'ambo ya migomba ilikuja sauti. Siyo herufi. Sauti ya Subilaga, mwanamke ambaye kwa miaka yote alikuwa akinong'ona hata nyumbani kwake ili mzee asimsikie, akipayuka sasa bila khanga mdomoni, bila kujali, hadi wachuma chai wa upande wa pili wa barabara wakainua vichwa:

"Nakuja, baba! Nakuja!"

Nilirudisha bisibisi mfukoni.